Mrejesho: Land Cruiser 100 iliyolala mkia

Assalamu alaikum wakubwa. Mwezi uliopita niliuliza kama nitoe haidroliki (ule mfumo wa mafuta ya presha unaosaidia kubeba gari na kuipandisha) ya Land Cruiser 100 yangu hapa Wete: paipu zimeliwa na chumvi, mafuta yanavuja, kila asubuhi gari imelala kama mbuzi mgonjwa. Nimeitoa.

Fundi alianza kufungua skurubu za kutolea hewa ili presha ishuke. Hata hivyo mafuta yakamrukia mpaka kwenye kofia. Nyuma tumetia shokapu za kawaida na springi ngumu zaidi, maana zile za mwanzo ni laini, zilikuwa zikisaidiwa na mafuta. Mbele nilitaka kubakisha torsheni baa zilezile (fimbo za chuma zinazojisokota, ndizo springi za mbele), ubahili tu. Ikainamisha pua! Nikanunua nene.

Njia ya Ngezi sasa inanitikisa zaidi, lakini gari naikuta imesimama. Swichi ya kupandishia ipo bado, watoto wanaichezea.