Injini inayopozwa na maji ya bahari: rangi ya antifrizi kwenye ekzosi inatosha kabla ya baridi?

MatangaMawili
Wakuu, salaam. Mashua inapandishwa nchi kavu majira ya baridi, na baridi yenyewe hufika nyuzi 15 chini ya sifuri. Injini ni dizeli ya silinda 2, inapozwa na maji ya bahari moja kwa moja. Haina kibadilisha joto wala kulanti (kimiminika cha kupozea kinachozunguka ndani ya injini). Nimepanga kuchomoa mpira wa kuvutia maji, kuutumbukiza kwenye ndoo ya antifrizi (kimiminika cha kuzuia kuganda) ya waridi, kuwasha injini na kuizima rangi ikitokea kwenye ekzosi. Lita 10 zitatosha? Na impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji, niiache au niitoe?

FundiNgama
Mkuu, kwa injini ya aina hiyo rangi kwenye ekzosi haithibitishi kitu. Injini ikiwa baridi, themostati (vali inayofunguka kwa joto) imefunga, na antifrizi hupita njia ya pembeni hadi ekzosi huku bloki ikibaki na maji yake. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha kusubu hakinyumbuki, hupasuka. Hata ukiipasha moto kwanza, antifrizi ya baridi ikifika themostati hujifunga tena.

Kwa hiyo bloki ishughulikiwe peke yake. Chombo kikiwa bado majini, endesha injini dakika 15 hadi 20, izime, umwage oili ingali moto na utie mpya. Funga koki ya chini ya chombo (inayoingiza maji ya bahari), kisha fungua koki ya kutolea maji ubavuni mwa bloki. Isipotoa kitu, usidhani bloki ni kavu: kutu na chumvi vimeziba tundu. Chokoa kwa waya mpaka maji yabubujike. Yakiisha, toa themostati, umimine antifrizi kwa mkono kupitia tundu lake hadi itokee chini ikiwa na rangi kamili. Funga koki, rudisha kifuniko na gasketi mpya, ndipo uende kwenye ndoo. Themostati isafishe na kuirudisha kabla ya msimu.

Lita 10 ni chache. Weka 20 karibu, na mtu wa kujaza ndoo, maana hata kwa mwendo wa chini pampu huimaliza upesi. Ikivuta hewa, impela huungua.

Mkuku_na_Tezi
Naongezea kuhusu antifrizi yenyewe. Ile namba kubwa ya baridi kwenye chupa ya waridi huwa inahusu mabomba kutopasuka. Kuganda kama uji huanza mapema zaidi. Usiichanganye na maji hata kidogo. Sanduku la maji la ekzosi (linalokusanya maji ya kupozea kabla hayajasukumwa nje na moshi), kama lina kizibo chini, limwage kwanza, la sivyo maji yaliyomo yatazimua kila kinachoingia. Chukua iliyotengenezwa kwa propilini glikoli, maana etilini glikoli ni sumu, na zile za alkoholi zinashika moto. Kinga kinachotoka ekzosi, ukipime kwa refraktomita (kifaa cha kupimia ukolezi wa antifrizi) yenye kipimo cha propilini.

MatangaMawili
Nimeelewa. Na kusuuza chumvi kabla ya antifrizi, naweza kuunganisha mpira wa bomba moja kwa moja kwenye pampu?

FundiNgama
Hapana! Injini ikiwa imezimwa, msukumo wa bomba unaweza kupenyeza maji nyuma ya impela, yakajaza sanduku la ekzosi na kupanda hadi kwenye silinda. Maji ya bomba yaingie ndooni, injini ivute yenyewe. Hatari hiyo hiyo ipo ukipiga stata mara nyingi bila injini kuwaka: pampu inaleta maji, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Ikigoma, mwaga sanduku kabla ya kujaribu tena.

Mkuku_na_Tezi
Chujio la maji ya bahari nalo limwagwe maji, bakuli lake hupasuka kirahisi. Koki ya chini ikiwa ya gololi (yenye mpira wa chuma uliotobolewa ndani), chombo kikishakaa nchi kavu iache nusu wazi. Ikifungwa, maji hunaswa ndani ya gololi na kupasua mwili wa koki. Zinki (kipande kinacholiwa na kutu badala ya injini) iliyolika nusu, badilisha.

Impela toa mwishoni kabisa. Ikikaa miezi imebanwa, mabawa yake hupinda yasirudi. Ukikuta bawa limekatika, litafute kwenye mabomba ya mbele kabla ya kuweka impela mpya. Wakati wa kurudisha paka glisirini, siyo grisi ya kawaida. Mpaka hapo, ifunge pamoja na ufunguo wa injini, mtu asije akawasha pampu tupu.