Sherman ya 1/35: brashi, kopo la spray ama eabrashi?

Omera_Kondele (Kisumu)
Habarini wakuu. Nimemaliza kugundisha modeli ya plastiki ya kifaru cha Sherman, ya 1/35 (ndogo mara 35 kuliko chenyewe), imetoka sentimita 17 hivi, na sasa ni wiki mbili imekaa mezani bila rangi juu naogopa kuiharibu. Nyuma nimejenga za 1/72 pekee, zile za sentimita nane, na hizo brashi ilitosha, kosa likitokea hakuna anayeliona. Hii kubwa kila kitu kinaonekana. Nawaza njia tatu: brashi na rangi za maji, kopo la spray, ama nijikaze ninunue eabrashi (kile kibunduki kidogo cha kupuliza rangi kwa hewa) na kompresa. Nataka iwe ya Burma kwa sababu babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alipigana huko 1944, na kila akisimulia lazima angetaja matope. Itakaa sebuleni kwa mama kando ya picha yake, kwa hivyo lazima itoke vizuri. Nyinyi mngeenda na gani?

Kifaru_58 (Nakuru)
Eabrashi bro, hapo sitasita. Ukichanganya rangi ya Tamiya na thina yake yenyewe hadi iwe nyepesi kama maziwa, uipulize na presha ya psi 15 hadi 20, inalala nyembamba hadi ile mishono ya welding kwa bodi inabaki inaonekana. Alafu unaweza kupuliza nyeusi kwanza kwenye kona na chini ya tareti (kile kichwa chenye mzinga), ndio upitishe kijani juu yake, kivuli kinabaki chini pale pale bila kuchora. Brashi haikupi hiyo. Ubaya wake ni bei, mimi eabrashi na kompresa zilikula pesa ya vifaru vitatu, na pia kuosha, kila ukibadilisha rangi unatoa sindano unapangusa, ukisahau rangi ikaukie kwa pua ya milimita 0.3 jioni yako imeenda. Chukua kompresa yenye tangi, stima ikipotea unamalizia upande uliokuwa unapuliza.

dada_msasa (Kisumu)
Kifaru_58 nakuheshimu lakini huyu ndugu ana kifaru kimoja cha kumkumbuka babu, si lazima auze simu ndio akipake.

Omera, brashi inaweza, ila usitumie hizo Tamiya za akriliki kwa brashi. Koti ya pili inaamsha ya kwanza, inavutika, unabaki na mabaka. Tafuta Vallejo, hiyo imetengenezwa na maji na inapenda brashi. Mimi nachukua mkebe bapa wenye kifuniko, natandika tishu iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, rangi naiweka hapo na tone moja ama mbili za maji, na hata kwa hii joto yetu ya saa nane mchana haikauki haraka. Koti ya kwanza itakuwa mbaya, plastiki inachungulia, mkono utakuwasha uongeze. USIONGEZE. Acha ikauke kabisa, kisha ya pili, ya tatu, na kama bado inaonyesha basi ya nne. Kwa bodi tumia brashi bapa laini ya upana wa sentimita moja na uvute upande mmoja, kutoka juu kwenda chini, vile maji ya mvua yangeteremka.

Magurudumu ya Sherman yana mpira pembeni, hapo wengi wanaharibu. Chomeka gurudumu kwa kijiti cha meno, brashi yenye nyeusi ishike isimame tuli, alafu ni kijiti unazungusha. Mviringo unatoka safi. Hiyo peke yake imeniokolea masaa.

Lurambi_01 (Kakamega)
Wacha niseme ya spray kwa sababu imenichoma. Nilinunua kopo la rangi ya gari hapa mjini nikapuliza moja kwa moja kwa plastiki, karibu karibu, nikitaka ifunike mara moja. Ile thina ya ndani ikala plastiki, vichwa vya rivet vikayeyuka na pembeni ikakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Hakuna msasa ulirudisha hiyo. Na siku nyingine nilipuliza ikitaka kunyesha, rangi ikakauka na ukungu mweupe juu. Hewa ikiwa na unyevu spray inafanya hivyo, na wewe uko kando ya ziwa. Zile spray za modeli ni sawa, puliza asubuhi jua likishatoka, shika kopo mbali sentimita 20 hadi 25, pitisha haraka tabaka nyembamba. Na ujaribu kwanza kwa ile fremu vipande vilitoka, hiyo unatupa tu hata hivyo.

mzee_wa_lanet (Nakuru)
Kijana, nimefurahi sana kuona mtu anamkumbuka babu yake hivi. Kuna jambo moja kabla ufungue rangi. Matope ya babu yako ni ya kweli, hao ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944, wakafika Kalewa Desemba. Lakini Sherman zinazojulikana sana Burma ni za Brigedi ya 255 ya Wahindi, zilizopigana Meiktila Machi 1945, na pale ni katikati ya nchi, kukavu, tena kiangazi. Kwa hivyo ukiifanya ya Meiktila usiipake matope, ipake vumbi. Vumbi la kahawia hafifu, zaidi kwa minyororo na sehemu za chini, na kidogo juu penye wanajeshi wangekanyaga wakipanda.

dada_msasa (Kisumu)
Asante mzee! Na hilo vumbi ndilo litafunika alama za brashi. Rangi ya mafuta tone moja, ilegeze na white spirit hadi iwe maji maji, ipitishe kwenye mifereji, ikianza kukauka pangusa kwa brashi safi ukielekea chini. Ila funika kwanza na vanishi, usiende moja kwa moja.

Kifaru_58 (Nakuru)
Sawa, kwa kifaru kimoja nakubali. Lakini praima (ile rangi ya kwanza ya kushika plastiki) iwe ya spray ya modeli, tafadhali. Brashi kwa plastiki tupu inateleza.

Omera_Kondele (Kisumu)
Asanteni wote, na mzee shikamoo. Nimeamua: praima ya spray Jumamosi saa tatu asubuhi kabla hewa ya ziwa ibadilike, alafu Vallejo na brashi. Sikujua kuhusu Meiktila. Nimemwambia mama, akasema babu alirudi na kopo dogo la bati alilokuwa akinywea chai huko, bado liko kabatini. Nitaiweka Sherman hapo karibu nalo, na kopo lenyewe sitalipangusa.