Wakala wa viza kachukua pesa yangu, siku 28 hakuzihesabu

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Viza yangu ya masomo ya Uingereza imekataliwa jana, na kosa ni la wakala niliyemlipa ili kosa kama hilo lisitokee.

Sheria ya pesa iko wazi. Ada ya chuo iliyobaki pamoja na pesa ya kujikimu ilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo, isipungue hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Wakala aliniambia nihakikishe salio limetimia siku ya kuprinti taarifa ya benki, basi. Akaunti ni ya baba. Siku ya 19 baba akatoa pesa ya matibabu ya bibi, akairudisha baada ya siku mbili. Angeambiwa, asingegusa hata senti, angekopa kwingine. Wakala aliipokea ile taarifa, akasema iko sawa, akaituma.

Na dalili nilikuwa nimeziona! Barua ya ridhaa ya mzazi aliyoniandalia ilikuja na jina la baba wa mtu mwingine kabisa. Tafsiri ya cheti changu cha kuzaliwa haikuwa na tarehe, wala saini, wala mawasiliano ya mfasiri, na vyote hivyo vinatakiwa. Nilivibaini mwenyewe usiku wa manane. Hapo ndipo ningemkimbia.

Ada ya viza hairudi. Tozo ya huduma za afya itarudishwa, ndiyo, lakini CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimenipa nafasi ya masomo, ikishatumika kwenye maombi yaliyokataliwa haitumiki tena, chuo lazima kitoe nyingine, na masomo yanaanza wiki ijayo. Kuomba uamuzi upitiwe upya hakunisaidii, maana ofisa wa viza hakukosea: salio kweli lilishuka.

Nilipompigia wakala alinijibu, "Tutaomba tena, utalipia huduma upya." Nilipe upya! Nimemwandikia nikidai pesa yangu yote pamoja na ada ya viza. Aliyewahi kurudishiwa na watu wa namna hii aniambie alianzia wapi.

Baba hajanilaumu. Anajilaumu yeye, kwa kumnunulia mama yake dawa, na hilo linaniuma kuliko pesa.