Skima ya gesti Mikindani: Google inashindwa kusoma

pwani_kusini
Wakuu, habari za kazi. Kuna tovuti ya gesti ya Mikindani, ipo WordPress. Nimebandika skima ya JSON-LD (maelezo ya gesti yaliyoandikwa ili mashine ya Google iyasome), aina ya Hotel, lakini Rich Results Test, kipimo cha Google cha skima, inaleta kosa la kushindwa kusoma. Sehemu yenyewe:

“checkinTime”: “08:00”,
“latitude”: “10.28”,
“longitude”: “40.12”,
}

Kuingia ni saa nane mchana, kutoka saa nne asubuhi. Nataka pia nyota za wageni zionekane kwenye matokeo. Nirekebishe wapi?

korosho_dev
Mkuu, anza na alama za nukuu. Hizo zilizopinda hutoka Word au WhatsApp, JSON inakubali zilizonyooka tu: ". Ziandike upya kwenye Notepad. Koma ya mwisho kabla ya } ifute pia, maana ikibaki kipande chote kinakataliwa.

Saa: mashine haijui saa za Kiswahili. Saa nane mchana ni 14:00, saa nne asubuhi ni 10:00. Ulivyoandika, mgeni anaambiwa aingie saa mbili asubuhi, aliyelala hajatoka bado!

Latitude ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kipimo hakitalalamika. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo ni -10.28. Bila alama ya kutoa, gesti iko Ethiopia. Ukibadilishana nafasi za latitude na longitude, unaangukia baharini magharibi ya Ureno. Tena Google wanataka desimali tano au zaidi. Kwa mbili unaweza kukosea zaidi ya nusu kilomita. Kwenye Google Maps bonyeza paa la gesti kwa muda, kisha nakili namba zinazotokea.

skima_lindi
Naongezea. Simu ianze na +255, sifuri ya mbele iondoke. Bei ya chumba andika 45000 na priceCurrency TZS; ile 45,000/= iache kwa wasomaji. Aina iwe LodgingBusiness, au BedAndBreakfast kama chai ya asubuhi imo kwenye bei.

Nyota sahau. Tangu Septemba 2019 Google haionyeshi nyota za maoni ambayo biashara imejiwekea kwenye tovuti yake. Toa aggregateRating (sehemu ya wastani wa nyota), waombe wageni waandike maoni kwenye Google Maps. Na chochote kilichomo kwenye skima kionekane pia kwenye ukurasa, la sivyo unaweza kuadhibiwa.

pwani_kusini
Ahsanteni sana wakuu. Sasa inasoma, ila inaonyesha gesti mbili.

korosho_dev
Huenda plagini ya SEO (programu ya nyongeza ya WordPress ya kusaidia tovuti ionekane Google) nayo inatoa skima ya kwake. Fungua ukurasa, bonyeza Ctrl+U, tafuta application/ld+json uone vipo vipande vingapi. Zima ya plagini, ubaki na yako iliyo kamili. Futa kashe (nakala ya zamani ya ukurasa iliyohifadhiwa), pima tena, kisha ingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, bandika anwani ya ukurasa, uombe usomwe upya. Inaweza kuchukua siku kadhaa, usibonyeze kila saa.