Je, maneno yangu ya hofu yalimzuilia mama uponyaji?

Binti wa Sayuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimekuwa nikisoma mijadala yenu kwa muda mrefu bila kuandika, lakini leo nina jambo lililonikaa kifuani na sina pa kulipeleka.

Mama yangu aliugua kwa miezi saba. Kikundi chetu cha maombi kilikuja nyumbani kila Jumatano jioni, na kwa kweli walitubeba. Jioni moja mama alikuwa amelala, nami nimemshika mkono uliobaki ngozi na mifupa, nikamwambia dada mmoja wa kikundi kwa sauti ya chini kwamba ninaogopa, na kwamba naona mama hatamaliza mwezi. Dada yule alinifunika mdomo kwa kiganja chake, akasema, "Yafute hayo maneno kwa damu ya Yesu. Unamnenea mama mauti." Niliyafuta. Tangu jioni hiyo nikawa natamka kwamba mama ni mzima, asubuhi, mchana na usiku, lakini hofu haikuondoka moyoni hata saa moja. Mama alifariki siku kumi na moja baadaye.

Baada ya maziko, mmoja wa viongozi alisema mbele ya wenzake kwamba kuna mlango uliofunguliwa kwa kinywa. Hakunitaja jina, ila kila aliyekuwapo alijua ni nani aliyekusudiwa. Sasa siwezi kuomba. Nikifungua kinywa nahofia kutamka neno litakalomdhuru mtu, na wazo baya likinijia juu ya watoto wangu nahisi kwamba nimekwisha kuliita litokee. Maandiko yanasema "mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi" (Mithali 18:21), na tena "aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo" (Mithali 23:7). Je, ni maneno yangu na mawazo yangu yaliyomzuilia mama uponyaji? Naomba mnijibu kwa Neno, msinifariji tu.

Shujaa wa Imani

Pole sana, dada yetu. Mungu akutie nguvu.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba maneno huumba, nami sitaficha hilo kwa sababu tu swali lako ni zito. Wapelelezi kumi kati ya kumi na wawili waliiletea Israeli habari mbaya za nchi ya ahadi, watu wakanung'unika kwamba ingekuwa heri wafe jangwani, na Bwana akawaambia kwamba kama walivyosema masikioni mwake ndivyo atakavyowafanyia (Hesabu 14:28). Wakazunguka miaka arobaini. Yesu mwenyewe alipomwendea binti wa Yairo, aliyekuwa taabani, alimwambia baba yake asiogope, aamini tu, kisha akawatoa nje wale waliokuwa wakilia (Marko 5:36–40). Kama maneno ya kutokuamini hayana nguvu, kwa nini aliwatoa? Na katika Marko 11:23 anasema mtu akiuambia mlima ung'oke, wala asione shaka moyoni mwake, yatakuwa yake. Nimeyaishi maandiko haya. Nilikuwa mtu wa kujinenea mabaya kutwa nzima, na nilipojifunza kunena ahadi za Mungu maisha yangu yalibadilika.

Hata hivyo kiongozi yule hakutenda haki. Hata kama angekuwa na hoja, kaburini si mahali pa kuitolea.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, pole kwa msiba. Umeomba Neno, basi tulifungue Neno, maana naona kwamba umepigwa kwa mistari iliyong'olewa mahali pake.

Anza na ule wa pili, Mithali 23:7. Soma kuanzia mstari wa 6. Habari yenyewe ni ya mwenyeji mchoyo anayekukaribisha mezani na kukuambia kula, kunywa, huku moyo wake hauko pamoja nawe. Mwandishi anaonya kwamba mtu wa namna hiyo ni kile anachokificha moyoni, si kile anachokitamka. Kumbe mstari ambao watu wanautumia kufundisha kwamba wazo huumba tukio unazungumzia unafiki, yaani kinywa kusema neno moja na moyo kushika jingine. Sasa jiulize ni nani aliyekufundisha kutamka uzima kwa kinywa huku moyo ukitetemeka, na kama hilo ndilo lililompendeza Mungu kuliko ule mnong'ono wako wa kweli kando ya kitanda.

Mithali 18:21 ni kweli tupu, wala sitaipunguza. Lakini tazama majirani zake: mstari wa 17 unasema juu ya mtu anayejitetea kwanza katika shauri hata mwenzake aje kumchunguza, wa 18 juu ya kura inayokomesha mashindano, wa 19 juu ya ndugu aliyekosewa. Hapo ni barazani na kati ya ndugu. Ulimi wa shahidi wa uongo huua mtu asiye na hatia, ulimi wa mshauri mwema humwokoa, na uchongezi huvunja nyumba. Hiyo ndiyo nguvu ya ulimi, na ni kubwa kweli. Lakini nguvu hiyo hupita katika masikio na mioyo ya watu. Haitoki kinywani kama mshale wa kichawi ukamfuata mgonjwa aliyelala.

Ndugu Shujaa wa Imani ameleta Hesabu 14, na ni vema kwamba ameileta, kwa sababu kitabu hicho hicho kina jambo ambalo wengi hulipita. Sura tatu nyuma, katika Hesabu 11:15, Musa mwenyewe anamwomba Mungu amuue, maana mzigo wa watu umemlemea. Ametamka mauti, tena kwa kinywa cha nabii. Mungu alimjibu nini? Alimpa wazee sabini wamsaidie kuubeba mzigo. Eliya naye aliketi jangwani chini ya mretemu, aina ya kichaka, akaomba roho yake iondolewe (1 Wafalme 19:4). Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Na huyo Eliya aliyeomba kufa ndiye aliyechukuliwa mbinguni kwa upepo wa kisulisuli bila kuonja mauti. Kama kinywa kingekuwa kinaumba chenyewe, Eliya angezikwa pale pale jangwani.

Basi kati ya Musa na wale wanung'unikaji kuna tofauti gani, ikiwa wote walitamka kifo? Wale walikataa kuingia walikotumwa, wakataka kujiwekea akida awarudishe Misri. Mungu akawahukumu kwa uasi uliokuwa mioyoni mwao, akitumia maneno yao wenyewe. Musa alimlilia Mungu uso kwa uso. Mwenye kutenda katika habari zote mbili ni Mungu anayesikia. Neno halikujitendea lenyewe.

Na nyumbani kwa Yairo, wale waliokuja kusema "Binti yako amekwisha kufa" walisema kweli. Ndani ya nyumba waliokuwa wakilia walimcheka Yesu, naye akawatoa nje; lakini hata baada ya kicheko hicho chote, mtoto aliinuka. Kutokuamini kwao hakukumfunga mikono. Halafu fungua Marko 9:24, usome juu ya baba wa yule kijana mwenye pepo aliyelia akisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Shaka na imani katika sentensi moja, na kijana akapona siku ile ile.

Nitaongeza neno moja la historia, kwa sababu wengi wanadhani mafundisho haya ya ukiri, yaani kwamba unalolitamka ndilo litakalokuwa, yamekuwapo tangu Pentekoste. Kwa sura tunayoyajua leo yalitengenezwa Marekani, kwanza katika maandishi ya mhubiri E. W. Kenyon (1867–1948), kisha yakaenezwa sana na mhubiri Kenneth Hagin (1917–2003). Sisemi kwamba kila walichofundisha ni kibaya. Lakini neno lenyewe la Kiyunani, homologeo, ambalo tunalitafsiri kukiri, maana yake ni kusema lile lile, kukubaliana. Warumi 10:9 inalitumia kwa kumkiri Yesu kuwa Bwana, na 1 Yohana 1:9 inalitumia kwa kuziungama dhambi. Kitenzi ni hicho hicho! Hakuna anayeungama dhambi kwa kutamka kwamba hana dhambi. Kukiri ni kusema kweli mbele za Mungu, hata pale kweli inapouma. Uliposema unaogopa, ulikuwa karibu zaidi na kukiri kuliko ulipofunikwa mdomo.

Bwana wetu mwenyewe alisema Gethsemane, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa" (Mathayo 26:38). Hakuna mwanafunzi aliyemwambia ayafute maneno hayo.

Mama Tumaini

Mwalimu amefundisha vema, nami nimesoma mara mbili. Naomba nisimame upande mwingine kidogo, kwa sababu sitaki dada yetu atoke hapa akidhani kwamba maneno ni upepo.

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alilishika daftari langu la hesabu, akalitazama ukurasa kwa ukurasa bila kusema kitu, akalifunga taratibu na kuliweka mezani. Kisha akasema, "Wewe hutafaa kitu." Hakupiga kelele. Mpaka leo nalikumbuka jalada lile, lilikuwa na doa la wino pembeni. Nimeishi na sentensi hiyo zaidi ya miaka thelathini, nikaibeba hadi katika ndoa na katika malezi, na kila niliposhindwa jambo niliisikia kwa sauti yake. Kwa hiyo naamini kwa moyo wote kwamba uzima na mauti vimo katika ulimi. Ila ona jinsi ilivyotenda kazi: ilinifanya nisijaribu, ikanifanya nijifiche. Wala haikumzuia Mungu kunifaa. Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu ni kama shomoro anayetangatanga, haimpigi mtu. Kumbe shomoro yule alikuwa anaruka tu. Mimi ndiye niliyemjengea kiota.

Juu ya mawazo, dada, hapo ndipo ninapokuonea huruma zaidi. Wamonaki wa kale katika jangwa la Misri waliyachunguza mawazo kuliko watu wengi. Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliyagawa mawazo yanayomsumbua mwamini katika makundi manane, na alifundisha jambo moja lililonifungua: kwamba mawazo hayo yatusumbue au yasitusumbue si juu yetu, bali yakae au yasikae, hilo ndilo letu. Wazo la kutisha juu ya mwanao linapokupitia kichwani, wewe hujaliita na wala hujaomba litokee. Ni hofu ya mama. Hata ukilichukia kwa nguvu na kuhangaika kulifuta kila mara, unazidi kulikalisha. Mimi huligeuza likawa ombi hapo hapo: "Bwana, nimeogopa juu ya mtoto huyu, umlinde." Basi, naendelea na kazi. Nadhani kuteka nyara kila fikira ipate kumtii Kristo (2 Wakorintho 10:5) huanza hivyo, kwa kuipeleka kwake na si kwa kujifanya haipo.

Umesema huwezi kuomba. Usitafute maneno yako kwa sasa, azima ya wengine. Katika Zaburi ya kwanza, neno la Kiebrania linalotafsiriwa kutafakari ni haga, na hilo hutumika pia kwa mlio wa hua na ngurumo ya simba. Yaani ni kunong'ona kwa midomo, kusoma kwa sauti ya chini. Soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Inaanza usiku na inaishia gizani, haina mstari wa ushindi hata mmoja mwishoni, na Mungu aliiacha humo katika kitabu cha sala. Na kama hulali usiku au hofu inakuzidi, mwone pia mtu aliyesomea kushauri wenye huzuni. Hilo si upungufu wa imani.

Shujaa wa Imani

Nimesoma habari ya Musa na Eliya nikakaa kimya muda mrefu. Bado naamini kwamba mwamini anapaswa kunena ahadi za Mungu, na Warumi 4:17 inanipa ujasiri huo, ingawa nakiri kwamba pale anayeyataja yasiyokuwako ni Mungu mwenyewe. Lakini mimi pia nimewahi kumwambia mgonjwa asiseme anaumwa. Alikuwa mzee wa kanisa letu. Aliniitikia, akageuka ukutani, na hakuniambia tena jambo lolote la moyoni mwake hadi alipofariki. Dada, nisamehe kwamba katika jibu langu la kwanza nilianza na hoja kabla ya kukaa nawe.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu yangu, Mungu akubariki kwa hilo. Endelea kuzinena ahadi, hatukuzuii. Ila ukiwa kando ya mgonjwa, kwanza msikilize anasema nini.

Binti wa Sayuni

Nawashukuru wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasoma vifungu vyenu kimoja kimoja.

Juzi usiku, watoto wakiwa wamelala, niliingia katika chumba cha mama. Kitanda bado kipo, tumeondoa godoro tu. Niliketi juu ya mbao, nikaisoma Zaburi ya 88 kwa kunong'ona kama Mama Tumaini alivyosema, na nilipofika mwisho sikuongeza kitu. Kisha nikasema yale niliyofutishwa: kwamba niliogopa, na kwamba nilijua mama anakufa, na kwamba nilitamani mtu akae nami niogope naye. Ilikuwa mara ya kwanza kusema na Mungu tangu maziko.

Dada aliyenifunika mdomo nimemwomba tuonane Jumatano, kabla kikundi hakijaanza. Sijui nitamwambia nini. Yeye pia alimpenda mama, alimwosha miguu siku nyingi, nami naanza kuona kwamba huenda kile kiganja kilikuwa kinatetemeka kama moyo wangu.