Tanzania kumng'oa Amin 1979: je, tulivunja sheria?

Mwanafunzi wa Sheria, Mwanza
Wakuu, naombeni mawazo. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1963, Ibara ya 3, ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Aprili 11, 1979 jeshi letu liliiteka Kampala. Darasani tulibishana hadi kengele. Amin ndiye aliyetuvamia, akatangaza Kagera ni yake. Sasa kosa letu liko wapi?

Wakili wa Bukoba
Kijana, tenganisha mambo mawili. Kumrudisha Amin nyuma ya mpaka kulikuwa kujilinda, na Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaruhusu. Hapo sibishani na mtu. Tuliporudi Kyaka nyumba yetu ilikuwa kuta tupu, hata mabati yalishang'olewa.

Ugumu unaanza ukishavuka mpaka pale Mutukula. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, kwetu, wakaunda UNLF, umoja wa kuikomboa Uganda, chini ya Yusuf Lule, na mwezi uliofuata Lule akaapishwa kuwa rais, jeshi letu likiwa limeshika mji. Nani aitawale Uganda ni suala la Waganda; hicho ndicho kanuni inachokilinda. Na Mwalimu alilijua hilo. Hakudai kwamba nchi ina haki ya kumwondoa dikteta wa jirani. Alieleza kwamba vita vilikuwa viwili: vyetu vya kujilinda, na vya Waganda wenyewe dhidi ya Amin.

Mimi naona kanuni ilivunjwa, na naona vilevile kwamba Amin alistahili kuondoka. Ila nakataa kuuita ule mwendo wa Kampala halali, maana atakayeufuata kesho huenda asiwe Nyerere.

Mama Ituri
Niko Bunia, Congo. Huyo wa kesho sisi tulishamwona. Uganda nayo ilipoingiza jeshi kwetu ilisema inajilinda. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa, ikasema Uganda imevunja kanuni hiyohiyo kwa kusaidia waasi. Mwaka 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Waliozikwa hawatazitumia.

Mwanafunzi wa Sheria, Mwanza
Pole sana mama. Wakili, na Ibara ya 4(h) ya mkataba wa Umoja wa Afrika, uliochukua nafasi ya OAU? Si inaruhusu kuingilia kukiwa na mauaji ya kimbari?

Wakili wa Bukoba
Inaupa haki Umoja wenyewe, kwa uamuzi wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Jirani mmoja akijiamulia peke yake, 4(g) bado inamkataza.