Mashamba ya mkonge yaliyoachwa Tanga: yabaki pori la ndege?

Mwana wa Muheza: Wakuu, mwaka 1964 mkonge wetu ulifika tani zipatazo 230,000. Nailoni ikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka vichaka. Sasa kila mtu anataka yafyekwe upya. Mimi nasema yaachwe. Nyuma ya kwetu alfajiri dudumizi analia kichakani, kwale wanapita na vifaranga chini ya mikonge iliyochanua ikafa wima. Enzi za palizi hukumwona hata mmoja.

Mpunga Mombo: Ndugu, hao unawasikiliza ukiwa umeshiba. Vichaka hivyo hivyo kwelea kwelea wanalala. Mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku. Wakija laki moja, tani nzima imekwenda. Zamani angalau watoto waliamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Siku hizi wazazi wamewadekeza.

Mama Wanne: Kuwadekeza? Mimi nimeamia mpunga tangu darasa la tatu, juu ya dungu, kamba ya makopo mkononi, giza hadi giza. La saba nikafeli. Wanangu hawapandi dungu.

Mpunga Mombo: Dada, sikusema waache shule. Nilikuwa na maana ya likizo.

Mama Wanne: Umeandika "wamewadekeza", rudi usome. Na mpunga hausubiri likizo ndio uive.

Jicho la Hondohondo: Jamani, dungu likishindwa inaitwa ndege ya kumwaga sumu ya fenthioni. Mwewe na bundi wakiokota kwelea waliokufa, nao wanakufa. Hilo mbona hamlisemi? Na wewe Mwana wa Muheza, hao wako ni ndege wa vichaka. Hondohondo jike anajiziba kwa tope ndani ya tundu la mti mkubwa mpaka vifaranga wakue. Kwenye mkonge uliokufa atajiziba wapi?

Mwana wa Muheza: Sikusema kichaka ni msitu wa Amani. Lakini miti ikiachwa inakua, kama wachoma mkaa hawatautangulia huo ukubwa. Swali langu lilikuwa la ardhi, sio la shule.

Mama Wanne: Kwangu ni la shule. Huyo wa Mombo atujibu: yeye mwenyewe anapanda dungu?

Mpunga Mombo: Napanda, mama. Msimu huu wiki ya tatu sasa, peke yangu, sauti imekauka. Kijana wangu yuko bweni, nalipa ada kwa mpunga huo huo.